Masomo ya muziki ya mtandaoni: yapi yanatufaa sisi wa kambini?

Vijana wenzangu wa hapa Dzaleka, na ninyi wa Nakivale, Meheba, Nyarugusu na Kakuma mnaotusoma, kila wiki kuna mtu ananitumia ujumbe ule ule: "Kaka, nataka kujifunza nadharia ya muziki na kutunga nyimbo, nipe linki nzuri." Wafanyakazi wa mashirika nao wanauliza, kwa adabu zaidi, lakini swali ni hilo hilo: tuwawekee vijana kozi gani? Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo nasema yote hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia linki ya andiko hili.

Niseme mapema msimamo wangu. Masomo ya bure yapo mengi na mengine ni mazuri kweli. Shida yetu ni kipimo tunachotumia kuyachagua: jina la chuo, cheti, mwalimu ana wafuasi wangapi. Mimi naangalia mambo mawili tu. Bando likiisha, je, nimebaki na kitu ninachoweza kukiimba au kukipiga kesho kwenye mazoezi? Na la pili, je, somo hili linajua kwamba kuna nyimbo duniani ambazo si za Kiingereza?

Tuanze na hesabu ya bando, maana ndiyo inayotuumiza. Video ya saa moja, hata ukiishusha ubora mpaka picha ionekane kama imechorwa na mkaa, inakula MB nyingi kuliko sauti peke yake. Sauti peke yake, iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama MB 29 kwa saa nzima. Maandishi yenye picha chache ni kidogo kuliko hapo. Sasa mwalimu wa YouTube anayesalimia wafuasi dakika tatu, akatangaza mdhamini, akasimulia gitaa lake alilinunua wapi, ndipo apige noti ya kwanza, huyo analipwa na wewe. Sisemi YouTube ni mbaya. Nasema uingie ukijua unatafuta nini, utoke.

Mtandao ambao karibu kila mtu anaelekezwa ni musictheory.net. Ni wa bure, ni mwepesi, masomo yake ni mafupi na yana michoro inayosogea hatua kwa hatua. Nimeutumia sana. Lakini angalia unaanzia wapi: somo la kwanza kabisa ni mistari mitano na ufunguo wa sol. Kijana aliyekuja kwa sababu ana wimbo kichwani anajikuta anahesabu mistari. Wengi niliowaelekeza pale wiki ya kwanza walifika somo la tatu au la nne, wakaacha, wakasema "muziki ni mgumu." Hawa ni watu wanaoimba sauti ya tatu kwenye kwaya bila karatasi, tena bila kukosea! Muziki wanaujua tayari. Wanachokosa ni majina ya vitu wanavyofanya.

Na majina hayo wengi tunayo nyumbani. Solfa ile ya kwaya, d r m f s l t iliyoandikwa kwa chaki ubaoni au kwenye daftari la mwalimu wa kwaya, ni nadharia ya muziki kamili, si kitu cha wazee wasiojua. Ilianzia Uingereza karne ya 19 kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, ikaendelezwa na John Curwen, halafu wamisionari wakaisambaza huku kwetu kwa sababu haihitaji karatasi maalumu wala piano. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya kule Afrika Kusini, alitumia solfa, na mwaka 1897 akatunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Tuni hiyo ndiyo wanayosimama nayo leo Watanzania na Wazambia kama wimbo wa taifa. Kwa hiyo mtu akikuambia solfa si muziki wa kweli, mwambie asikilize mechi ya Taifa Stars kabla ya filimbi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kuna mtego ambao sijaona somo lolote la mtandaoni likiueleza, na unawapata hasa sisi tuliotoka Congo na Burundi tukakuta Malawi, Zambia au Uganda. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa, "do" ni noti moja isiyohama, ile ambayo Waingereza wanaiita C. Ukiwa kwenye solfa ya kwaya, "do" inahama: ni noti ya kwanza ya ufunguo wowote mnaoimbia. Chukua wimbo mnaoimba kwenye G. Mpiga kinanda aliyefundishwa Bukavu anasema akodi ya kwanza ni sol, si, ré. Mwalimu wa kwaya Mmalawi anasema ni do, mi, sol. Kwenye musictheory.net imeandikwa G, B, D. Watu watatu, akodi moja, na wanaweza kubishana jioni nzima kila mmoja akidhani mwenzake hajasoma. Nimeona kwaya ikikaribia kugawanyika kwa jambo hili, na mambo ya kabila yakaanza kuingizwa humo humo. Kumbe ni lugha tatu za kitu kimoja. Ukiandika jedwali dogo lenye safu tatu (C D E, do ré mi ya Kifaransa, na d r m ya kuhama) ukalibandika ukutani, umefanya kazi ambayo kozi ya wiki sita haikufanyii.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza: anza na sikio na solfa, halafu nenda musictheory.net ukiwa tayari una maswali. Utaisoma kwa siku chache tu, maana kila kitu kitakuwa kinakupa jina la kitu unachokijua. Kwa mazoezi ya sikio, teoria.com ni nzuri na ya bure. Inakupigia sauti mbili, wewe unasema umbali wake. Kwenye Android kuna Perfect Ear, inafanya kazi kama hiyo. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Usinunue chochote ndani ya hizo programu mpaka umalize vya bure, na vya bure hutavimaliza haraka.

Ableton, kampuni ya Ujerumani inayouza programu ya studio, ina mtandao unaoitwa Learning Music. Huu ndio ninaompa mdogo wangu yeyote anayetaka kutengeneza biti. Unafungua kwenye simu, unabonyeza visanduku, ngoma inalia. Hausemi habari za mistari mitano hata kidogo. Unakwenda kutoka mapigo hadi akodi, besi, melodi, mpaka mpangilio wa wimbo mzima, na unaweza kuusoma kwa Kifaransa, jambo ambalo kwa wengi wetu ni nafuu kubwa. Kasoro yake: mifano inatoka kwenye muziki wa disko na pop, na visanduku vile vinakuzoeza mapigo yaliyonyooka kama tofali. Mtu aliyekua akisikia ngoma za Burundi, pale mkono mmoja unagawa kwa tatu na mwingine kwa mbili, atahisi kama amevalishwa shati la mtu mwembamba. Tumia, ila ujue ulichokiacha nje.

Hizi programu mpya za akili bandia zinazokutolea wimbo mzima ukiandika maneno mawili, sitazisema sana. Zinafurahisha. Hazifundishi.

Sasa kutunga, maana huko ndiko moyo wangu uliko. Kozi inayosifiwa kuliko zote ni ya Pat Pattison wa chuo cha Berklee, Boston, kuhusu kuandika maneno ya nyimbo, iko Coursera. Jamaa anajua kufundisha. Zoezi lake kubwa ni hili: kila asubuhi chukua kitu kimoja, andika dakika kumi bila kusimama, ukitumia macho, masikio, pua, ulimi, ngozi na mwendo wa mwili. Kisha simama, hata kama sentensi haijaisha. Zoezi hili linafaa lugha yoyote na halihitaji hata MB moja. Chukua "jeri kan". Chukua "foleni ya unga". Wenzangu wanne tunaofanya nao hapa wametoka kwenye nyimbo za "maisha ni magumu, Mungu nisaidie", wakaanza kuandika nyimbo ambazo mama mmoja akisikia anasema, "Ee, hiyo ni asubuhi yangu kabisa."

Lakini mengine ya kozi hiyo yanahitaji kuchujwa, kwa sababu Pattison anaongea na waandishi wa Kiingereza. Kiingereza kina uhaba wa vina. Maneno yake yanaisha kwa konsonanti za kila namna, ndiyo maana anatumia muda mrefu kufundisha vina vya karibu, vya kufananafanana, ili mtunzi asibanwe. Kwetu ni kinyume. Kila neno la Kiswahili la asili linaisha kwa vokali, na vitenzi vyetu vingi vinaisha na "a". Ukitaka kina cha "lia" unapata angalia, tulia, kimbilia, vumilia, ingia, tembea kidogo tu kando na umepata mia. Kina chetu ni cha bei rahisi, na ndiyo sababu nyimbo zetu nyingi zinachosha: ukisikia mstari wa kwanza umeshajua wa pili. Mtu anayetutaka tulegeze vina anatupa dawa ya ugonjwa wa jirani. Sisi tunahitaji kukaza.

Na kukaza huko kumeandikwa, sema si kwenye mtandao wa Coursera. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji pale Kigoma, alitoa kitabu mwaka 1954 kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Shairi la kawaida: mizani nane, kisha nane, kina katikati na kina mwisho, beti zote zifuatane. Huna haja ya kutunga hivyo maisha yako yote. Lakini jaribu ubeti mmoja wa namna hiyo kabla hujaandika wimbo wako wa rap. Utaona kwamba kutafuta kina cha katikati kunakulazimisha kusema jambo ambalo hukulipanga, na mara nyingi ndilo jambo zuri.

Kuna kitu kingine ambacho Pattison yuko sahihi kabisa, na sisi tunakivunja kila siku: mkazo wa neno ukae kwenye pigo zito. Kwenye Kiingereza ni lazima ukariri kila neno linakaza wapi. Kwenye Kiswahili ni zawadi, mkazo uko karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tatizo linakuja unapoongeza kiambishi. KAmbi, lakini kaMBIni. NYUmba, lakini nyuMBAni. Umetunga melodi nzuri kwa neno "kambi", ubeti wa pili ukaweka "kambini" pale pale, mkazo umehama na wimbo unachechemea, wala hujui kwa nini. Mfano mbaya kuliko wote ni "barabara". Ukikaza baraBAra, ni njia ya magari. Ukikaza baRAbara, ni sawasawa. Kuna mtu hapa aliimba kuhusu barabara ndefu ya kutoka kwao, pigo zito likaangukia pabaya, na wazee kule mbele wakasikia "sawasawa ndefu". Walicheka, na wimbo ulikuwa wa msiba.

Wanaotunga kwa Kirundi, Kinyarwanda au Lingala wana kazi nyingine tena. Hizo ni lugha za toni; neno lina sauti yake ya juu na ya chini, na melodi ikipanda pale neno linaposhuka, maana inaweza kupotea. Somo la kutunga la Marekani halitalisema hilo kwa sababu Kiingereza hakina jambo hilo. Mwalimu wako hapo ni mama yako au bibi. Mwombe auseme mstari wako polepole kama anaongea, usikie unapanda wapi, ndipo utafute melodi.

Halafu kuna umbo la wimbo. Karibu kila video inafundisha ubeti, kiitikio, ubeti, kiitikio, daraja, kiitikio. Hakuna ubaya, Bongo Fleva nyingi ziko hivyo. Lakini sisi tumelelewa na rumba, ambayo inaimba taratibu nusu ya kwanza halafu inafunguka kwenye sebene: gitaa la solo, mi-solo na lile la kusindikiza yanafumana, besi inasukuma, atalaku anapaza sauti. Kwa kitabu cha "muundo wa wimbo", sebene ni kosa, ni sehemu isiyoisha. Kwa mtu wa Uvira, wimbo usio na sebene ndio haujaisha. Na akodi zenyewe mara nyingi ni tatu tu, zile za do, fa na sol, zinazunguka. Utajiri uko kwenye mfumano wa magitaa, kitu ambacho masomo ya nadharia ya kawaida hayakigusi kwa sababu yanapima utajiri kwa wingi wa akodi.

Mtu akitaka mwalimu wa hilo, amtafute Mwenda Jean Bosco. Alirekodiwa na Hugh Tracey kule Katanga mwaka 1952, anapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, anaimba kwa Kiswahili, na ni kama kuna watu wawili ndani ya gitaa moja. Masanga yake ni dakika chache. Ipakue mara moja, ishushe kasi mpaka nusu (YouTube ina kitufe hicho, ndicho kitufe chenye faida kuliko vyote humo), sikiliza gumba peke yake siku tatu, halafu kidole cha pili. Kwa misingi ya gitaa yenyewe, Justin Sandercoe wa JustinGuitar anafundisha vizuri, kwa mpangilio, bure. Lakini nyimbo zake ni za rock na pop za Kizungu. Jifunze kwake kushika akodi, kisha urudi kwa Bosco.

Sasa naomba niongee na wafanyakazi wa mashirika, kwa heshima yote.

Kuna mradi mmoja ulitununulia akaunti za kozi za muziki kwa miezi sita. Nia ilikuwa njema. Mwezi wa kwanza uliishia kwenye barua pepe na maneno ya siri yaliyosahaulika. Kompyuta zilikuwa chache, umeme ulikatika, tukapiga picha na vyeti. Mwezi wa saba akaunti zikafungwa, na kwa kuwa hakuna kilichoruhusiwa kupakuliwa, hakikubaki hata ukurasa. Kwenye ripoti naamini tuliandikwa kama vijana waliofuzu. Niambieni tu ukweli: cheti kile kinatufikisha wapi? Malawi ilipoingia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, yakiwemo ya kazi ya mshahara na ya kutembea. Cheti cha mtandaoni hakiondoi sharti hilo. Kinachotusaidia ni kujua kupiga vizuri kiasi kwamba mtu akitusikia Tumaini Festival, inayofanyika humu humu kambini tangu 2014, atatuita tena.

Kwa pesa ile ile mngefanya mambo mengine. Kuna Kolibri, programu inayobeba masomo kwenye kompyuta moja na kuyagawa kwa simu zilizo karibu bila intaneti. Masomo ya msingi ya muziki ya Khan Academy ni ya kuanzia tu na ni ya Kiingereza, lakini angalau hayafungwi mwezi wa saba. Nyuzi za gitaa. Nasema tena, nyuzi. Kuna magitaa hapa yenye nyuzi nne yanayosubiri kozi ya akodi za nyuzi sita. Na walimu wa kwaya, wale wazee wenye daftari, wamefundisha maelfu ya watoto bila senti tangu kambi ifunguliwe mwaka 1994. Walipeni posho kama mnavyomlipa mkufunzi anayetoka Lilongwe na gari.

Na kuna kazi moja ambayo tungeweza kuifanya pamoja. Open Music Theory ni kitabu cha vyuo vikuu cha Marekani, cha bure, kimeandikwa na walimu wengi, kina sura za mapigo, akodi, muziki wa pop. Leseni yake inaruhusu kunakili, kutafsiri na kubadilisha, mradi uwataje waandishi na uache kazi yako iwe huru vile vile. Yaani tunaruhusiwa kuchukua sura ya mapigo, kuiandika kwa Kiswahili chetu, tukatoa mifano ya Mozart tukaweka kwaya na sebene, tukarekodi sauti za mifano kwa MB chache, na kuipitisha WhatsApp kutoka Dzaleka mpaka Kakuma. Hakuna wa kumwomba ruhusa.

Mimi nimeanza na lile jedwali la safu tatu na kurasa nne kuhusu mkazo wa maneno. Nahitaji mtu wa Kirundi na mtu wa Kibembe wa kunisaidia upande wa toni, pia mpiga mi-solo mwenye subira ya kupiga polepole mbele ya simu. Na kama kwaya yenu ina daftari la zamani la solfa, lipigeni picha kurasa zote mnitumie, kabla mvua na panya hawajalifikia.